Nilimfuta Ng'ombe wa Mahari wa Mama Mkwe

Kosa ni langu. Nalisema mwanzoni kabisa ili usifike katikati ukaanza kunitafutia watu wa kuwalaumu. Mimi mwenyewe nilishawatafuta, sikuwapata. Si skana, si simu, si umeme, wala si wifi yangu. Ni mimi, mwanamke mzima mwenye akili zangu timamu, niliyemfuta ng'ombe wa mahari wa mama mkwe wangu kwa kidole kimoja, nimekaa kwenye kiti, nakunywa soda.

Jina langu niachie. Bariadi si kubwa kihivyo, na kuna watu nikipita sokoni bado wananiuliza kama ng'ombe amepatikana.

Nina steshenari karibu na stendi. Natoa kopi, naskani vyeti, nalamineti vitambulisho, napiga picha za pasipoti. Ukija na picha uliyopigwa nyumbani, nyuma kuna kamba ya nguo na kuku anapita, mimi natoa kamba, natoa kuku, nakuwekea rangi ya bluu, unaondoka ukionekana mtu wa ofisini. Hiyo kazi naijua, na ndiyo iliyonipa kiburi.

Sasa mama mkwe wangu anakaa Dutwa. Pale kwake mgeni akishasalimiwa na kupewa kiti, kabla hata maji ya chai hayajabandikwa, anapewa albamu. Najua na kwenu wanafanya hivyo. Lakini albamu ya mama ilikuwa na mambo yake. Ilikaa juu ya kistuli chake sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na karatasi zake zilikuwa nyeusi, nene, picha zimebandikwa kwa uji wa muhogo.

Na pembeni ya kila picha alibandika kitu. Kwenye picha ya kwanza mtoto wao mkubwa amebebwa mgongoni, kuna kipande cha kitenge cha mbeleko. Kwenye picha ya mwaka walioezeka bati, kuna pamba ya msimu ule iliyolipa hilo bati. Kwenye picha ya harusi yake kuna nywele za mkia wa mtamba mwekundu, yule aliyetangulia mbele ya ng'ombe wa mahari walipopelekwa kwao Bukundi. Na kwenye picha ya mwisho ya baba mkwe, Mungu amrehemu, kulikuwa na kifungo cha koti lake, kimeshonwa kwenye karatasi kwa uzi. Koti lenyewe alizikwa nalo.

Mgeni akifunua, mama anakaa ubavuni kwake, anapitisha kidole kwenye ukurasa, anasimulia. Alikuwa hakosei. Mimi miaka yote hiyo nilidhani ni mtu mwenye kumbukumbu kali tu, nikapita zangu jikoni.

Mwaka huu watoto wake wakaamua tumfanyie ibada ya shukrani na sherehe kidogo kwa umri aliofikia. Kwenye grupu la familia ukazuka mjadala wa zawadi. Wifi yangu wa Lamadi, anayeuza dagaa, akasema tununue albamu mpya ya karatasi, tukarabati zile kurasa zilizolegea, tuongeze wajukuu, tununue gundi na riboni, tukae siku nzima tubandike wote pamoja.

Jamani, nilimcheka! Nikaandika ujumbe mrefu kama mtu anayegombea udiwani. Nikamwambia mambo ya gundi na riboni ni ya shule ya msingi. Nikasema mimi nitaiweka albamu yote kwenye simu, itakuwa na muziki, maua yanadondoka, kila mmoja anaipata alipo, na mchwa hawawezi kula flashi.

Wifi akajibu kwa kifupi kwamba mama anapenda kushika. Nikamjibu kwamba atashika simu. Watu wakatuma vikatuni vya kucheka, nikaona nimeshinda.

Nilipokwenda kuichukua, mama aliifunga ndani ya kanga, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Nimekupa wewe kwa sababu ndiyo kazi yako," akaniambia. "Irudi kama ilivyo, mwanangu."

Nikamshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, mayu," yaani asante mama, nikaipakata njia nzima hadi Bariadi. Hapo nilikuwa bado mtu mwema.

Balaa lilianza skana ilipokataa kufunga. Kifungo kimetuna, pamba imetuna, mfuniko unakaa juu na picha zinatoka na ukungu. Nikasema haya madudu nayatoa kwanza. Nikakata uzi wa kifungo kwa wembe. Nikabandua pamba, kitenge, na zile nywele za mkia, ambazo naapa mbele yako nilidhani ni uchafu wa brashi. Vyote nikavifagia na taka.

Bado karatasi zilikuwa zimejikunja. Nikaona nizibandue na picha zenyewe kwa mvuke wa birika. Wewe unayesoma, kama una birika na una picha ya zamani, ziweke vyumba tofauti! Nyingine zilibanduka vizuri. Nyingine zilitoka vipande, maana ule uji wa muhogo wa mama ulikuwa umeshika kuliko gundi zote ninazouza dukani.

Sikuogopa sana. Kwenye simu nina programu ya kusafisha picha, unagusa kitu usichokitaka, kinapotea. Nikaskani vile vipande, nikaanza kuviunga. Picha ya harusi ndiyo iliyonishinda. Mpasuko ulipita katikati ya yule mtamba, kichwa huku, mgongo kule, na kila nikijaribu kumuunga anatoka na shingo mbili. Tena alikuwa amesimama mbele kabisa, kamziba bibi harusi nusu nzima. Nikajisemea, hivi hii ni picha ya harusi au ya mnada?

Nikagusa. Ng'ombe akapotea. Palipokuwa na ng'ombe pakaota majani mazuri, bibi harusi akaonekana mpaka viatu.

Nikanogewa sasa. Nikamng'arisha baba mkwe, nikamjazia meno mawili aliyokuwa hana, nikampaka mama rangi nyekundu ya mdomo. Kwa kuwa simu ilikuwa imejaa, kila picha niliyoisafisha nikaifuta ile ya kwanza. Na lile jalada la albamu lililobaki, na karatasi zake nyeusi zilizolowa, na vile vipande, nikaona vya nini tena, nikavitupa kwenye shimo la taka nyuma ya duka. Taka zetu huchomwa kila jioni.

Mume wangu aliniuliza albamu ya mama iko wapi. Nikamjibu iko salama kabisa, kwenye flashi. Wala sauti haikutetemeka.

Siku ya sherehe Dutwa ilijaa. Turubai, pilau, ndugu wa kutoka Kasoli, ndugu wa Lamadi na samaki wao, na upande wa mama mwenyewe, wa Bukundi, wakiongozwa na kaka yake. Shemeji alileta runinga yake kubwa, tukaiweka mezani, nikachomeka flashi. Mimi nimevaa, nimesuka, nimeshika rimoti. Mama kakaa kiti cha mbele, kaikazia macho runinga, anatabasamu.

Muziki ukaanza, maua yakadondoka. Picha za mwanzo watu walipiga makofi, ingawa shangazi mmoja aliuliza kwa sauti meno ya marehemu yametoka wapi. Kisha ikaja ya harusi.

Baba Mdogo wa Kasoli, ambaye ni mdogo wa baba mkwe, akasimama na sahani yake, akasogea hadi kwenye runinga.

"Ng'ombe yuko wapi?" akauliza.

Nikamweleza, kwa ile sauti ninayotumia na wateja, kwamba nimeisafisha picha ili bibi harusi aonekane vizuri.

"Sawa. Na hiyo kamba kafungwa nani?"

Ndipo nilipoiona. Nilimfuta ng'ombe, nikasahau kamba! Baba mkwe wangu, kang'aa, meno yote yamejaa, kasimama na suti yake ameshika kamba ndefu iliyonyooka hewani na haina kitu mwisho wake. Turubai lote lilicheka. Kuna mtu alikohoa wali. Yule shangazi wa meno akasema kumbe wifi yake, yaani mama, aliolewa kwa kamba, na kicheko kikaanza upya.

Wa Bukundi hawakucheka. Kaka yake mama aliweka sahani chini, akanawa mikono kabla hajamaliza kula. Na alikuwa na haki. Kwetu huku ng'ombe wa mahari ndiye ushahidi kwamba binti wa watu aliombwa, akathaminiwa, akatoka kwao kwa heshima. Mimi nilikuwa nimemwonyesha dada yake mbele ya kijiji kizima kama mtu aliyejiendea tu.

Katikati ya vicheko nikamsikia mama anamuuliza wifi yangu aliyekaa karibu naye, "Wanacheka nini?"

Nikashangaa. Alikuwa anaitazama runinga moja kwa moja.

Wifi akamnong'oneza. Mama akasema hizo za kwenye runinga ni zetu sisi, yeye apewe albamu yake amwonyeshe kaka yake huyo ng'ombe. Nilikuwa sina pa kukimbilia. Nikampa simu yangu mkononi, nikamwambia albamu yote imo humo, mayu, tena inapendeza kuliko mwanzo.

Akaipokea. Akapitisha kidole gumba juu ya kioo, taratibu, kutoka huku hadi kule. Akarudia. Akageuza simu akapapasa na mgongoni.

"Mbona ni laini kote?" akauliza.

Hapo mume wangu akachuchumaa mbele yake, akamuuliza kama anaona. Mama akasema macho yalianza kuwa na ukungu zamani, na tangu msimu uliopita wa pamba haoni kitu zaidi ya mwanga. Hakusema, kwa sababu watu walikuwa na mavuno, na hakutaka kusumbua.

"Tena nilikuwa na albamu yangu," akasema. "Nikishika pamba najua tuko wapi. Nikishika mkia wa ng'ombe najua tuko wapi. Iko wapi, mwanangu?"

Nikasema. Nilisema yote, mbele ya watu wote, skana, birika, wembe, shimo la taka. Hakuna aliyecheka tena. Muziki wangu ulikuwa bado unalia na maua yanadondoka, na hakuna aliyekumbuka kuzima.

"Na kifungo?" akaniuliza.

Nililia pale nikiwa na rimoti mkononi, na mpaka leo nikisikia ule muziki kwenye simu ya mtu naondoka.

Hakunigombeza! Laiti angenigombeza. Nilipokwenda kumwona baada ya hapo, nikabisha hodi, nikamwamkia "Mwadila, mayu," nikataka kupita jikoni kama kawaida yangu nikawashe jiko. Akanishika mkono akanipeleka sebuleni, akanikalisha kwenye kiti cha wageni, akasema nisubiri, chai inakuja. Mimi! Niliyeolewa nyumba ile, niliyepika pale hadi nikaijua kila sufuria kwa kovu lake, nimekaa nimebana magoti kama karani aliyetumwa na kata. Na pale kwenye kistuli palikuwa na kitambaa cha kufuma peke yake. Mama akanyoosha mkono pale kwa mazoea, ampe mgeni kitu cha kutazama, mkono ukagusa kitambaa, akaurudisha mapajani.

Nilikunywa chai ile nikiwa nimeamua. Nilitoka nje nikampigia wifi yangu wa Lamadi. Nilimwambia alikuwa sahihi na mimi ni mjinga, nikamwomba anisaidie. Akaniambia nilete gundi, tena nisilete ile ya dukani kwangu, nikajifunze kupika uji wa muhogo.

Kitenge cha mbeleko tulikipata kipande chake kwa mtoto mwenyewe, ambaye sasa ana mvi na alikuwa akikifungia funguo. Pamba tuliomba shambani. Kazi ikabaki kwa ng'ombe, na kwa ng'ombe ilibidi niende Bukundi mwenyewe.

Sifa zangu zilikuwa zimetangulia. Kaka yake mama nilimkuta zizini, nikapiga magoti nikamwamkia.

"Ndiye wewe uliyemfuta?" akauliza.

Nikasema ndiye mimi. Akanipeleka ndani akanionyesha ukutani. Mungu wangu, kumbe mpiga picha alitoa mbili! Ya pili ilikuwa kwenye fremu, imepauka kwa moshi, na mchwa walikuwa wamekula upande mmoja. Walimmaliza baba mkwe, suti na kichwa, wakaacha mkono. Bibi harusi mzima, na mtamba mzima, shingo moja.

Alinipa, ila kwa sharti. Mtamba yule alizaa, na kizazi chake kiko zizini hadi leo, chekundu vilevile. Kama nataka nywele za mkia, nikazitoe mwenyewe, bila kusaidiwa, watu wa mji wote wakiwa wamesimama kwenye boma wananitazama. Nikasogea na mkasi wangu wa steshenari. Sitaki kueleza mengi. Nywele nilizipata, na teke nililipata, na alama yake ninayo pajani. Mzee alicheka hadi akashikilia boma, akasema sasa nimelipa. Nilipoinuka akanipa maziwa ya mgando nikanywa nimesimama, maana kukaa kulikuwa hakuwezekani.

Ndipo tukakaa, mimi na wifi, siku nzima, Dutwa, na karatasi zake za manila na riboni, na picha nilizozichapa upya kutoka kwenye flashi. Kumbe kubandika kuna raha yake! Mkono unashughulika na mdomo unasimulia. Baba mkwe aliyeliwa na mchwa tulimchukua kwenye flashi, nikamtoa meno niliyomwongezea, nikamchapa, wifi akamkata kwa mkasi akambandika pembeni ya ng'ombe. Amekuwa mkubwa kidogo kuliko anavyotakiwa, anakaribia kumzidi ng'ombe kimo, lakini kamba safari hii imemfikia mwenyewe.

Mama alipitisha kidole. Kitenge, akatuambia mtoto alikuwa analia siku ile. Pamba, akaeleza bati zilivyokuja zikiwa zimefungwa juu ya trekta. Nywele za mkia alizishika muda mrefu, akazivutavuta, akasema ndiye huyu. Akafika ukurasa wa mwisho wa mumewe. Picha ilikuwepo, na pembeni palikuwa patupu. Mimi na wifi tulikuwa tumebishana tuweke nini pale, na hatukupata, kwa sababu kifungo kile hakikuwa na mwenzake duniani.

"Kile kitu ulichochomeka kwenye runinga unacho?" mama akaniuliza.

Nikaitoa kwenye pochi. Akaipapasa, akaipima kwa vidole, akamwambia wifi apake uji. Akaibandika mwenyewe pale pa kifungo, akaikandamiza kwa dole gumba hadi ikashika.

"Nikifika hapa nitajua kifungo changu kilikwenda wapi," akasema. Kisha akaniambia maji ya chai yamechelewa, niende jikoni.

Nilikwenda mbio, na teke langu pajani.

Mume wangu amepanga kumpeleka mama hospitali akatolewe mtoto wa jicho. Sote tunaomba apone. Mimi naomba hivyo hivyo, ila kwa hofu, kwa sababu akipona ataona ile rangi ya mdomo niliyompaka, na picha hiyo iko kwenye simu za ukoo mzima.

Basi wewe unayesoma, kabla hujaingiza albamu ya wazee wako kwenye mashine, iskani ukitaka, mimi mwenyewe dukani bado naskani, lakini usibandue kitu. Kaa kwanza na mwenye albamu, umwache afunue yeye, uangalie vidole vyake vinapita wapi. Mimi nilikuwa na miaka yote hiyo ya kuangalia, nikapita zangu jikoni.

Sasa hivi kila mgeni anayefika Dutwa anapewa albamu mpya. Mimi nakuwa naingia na sinia la chai, na sijui inakuwaje, lakini sijawahi kuingia kabla au baada, naingia palepale mgeni anapogusa ile flashi iliyokauka kwenye karatasi na kuuliza hii nayo ni nini.

"Huyo," mama anamjibu, "ni mke wa mwanangu."